Riwaya: mwandishi wa kike anachunguza almasi ya Hope, Washington 1911. Kazi yake iendeje ili iaminike?

Kalamu_ya_Mwanzi

Habari zenu wadau wa riwaya, na shikamooni wakubwa.

Naandika riwaya ya kihistoria kwa Kiswahili. Mhusika mkuu ni mwandishi wa habari wa kike, wa kubuni, aliyeko Washington mwanzoni mwa 1911, pale Evalyn Walsh McLean na mumewe Edward wanaponunua almasi ya buluu ya Hope kwa sonara Pierre Cartier. Mhariri anamtuma aandike habari ya mkosi wa jiwe hilo. Yeye anataka kujua huo mkosi ulianzia wapi.

Nimekwama mahali patatu:

1. Sura ya 4 anaipeleka almasi maabara, inamulikwa na mwanga maalumu, inang'aa nyekundu gizani. Waliosoma rasimu wanasema hilo haliwezekani kwa mwaka huo.
2. Uchunguzi wenyewe umelegea. Kwa sasa kuna mzee mmoja anayemweleza kila kitu katika sura moja. Mwandishi wa kweli wa wakati ule angefanya nini, kwa mpangilio gani, na angekwama wapi?
3. Niseme "laana", "nuksi" au "mkosi"? Nimeyachanganya yote matatu.

Naomba undani. Usahihi kwanza, uzuri wa sentensi nitauhangaikia mwenyewe.

---

Mzee_wa_Nyaraka

Ndugu Kalamu, huyo mzee mwondoe kabisa. Hadithi hii ina karatasi za kutosha, na karatasi zinamfanyisha mhusika wako kazi.

Anza na kalenda. Mauziano yalifanyika tarehe 28 Januari 1911, ndani ya ofisi za gazeti la Washington Post. Mahali hapo ni pazito, kwa kuwa gazeti lilikuwa mali ya John R. McLean, baba mzazi wa Edward. Na ni gazeti hilohilo lililochapisha, Januari 1908, makala iliyosema almasi ya Hope imemletea taabu kila aliyeimiliki. Kwa hiyo miaka mitatu kabla ya ununuzi, gazeti la familia lilikuwa limeshalipaka jiwe matope, na sasa mtoto wa mwenye gazeti analileta nyumbani. Ukimwajiri mhusika wako hapo, mgogoro wako umeshakamilika kabla hujabuni chochote.

Kesho yake magazeti yanatangaza bei ya dola 300,000. Bei ya mkataba ilikuwa 180,000. Na kuna kipengele ambacho riwaya yako haiwezi kukiacha: kama msiba utaipata familia ya Edward McLean ndani ya miezi 6, almasi itabadilishwa kwa vito vingine vya thamani ileile. Fikiria uzito wake. Evalyn ana miaka 24, mtoto wao Vinson ana mwaka mmoja na wiki kadhaa, na kuna mtu amekaa mezani akaandika masharti ya kifo kama anavyoandika tarehe ya malipo.

Machi 1911 Cartier anawafungulia kesi kwa kuchelewesha malipo, na shauri linakuja kumalizwa 1912. Kwa mwandishi huo ndio mlango. Kabla ya kesi, mkataba uko kwenye saraka za watu binafsi na haupati hata kwa machozi. Baada ya kesi, kuna hati ya madai, kuna jalada, kuna karani mwenye daftari la mashauri. Weka nusu ya kwanza ya riwaya kati ya 29 Januari na Machi, aambiwe "hapana" kila mlango, kisha kesi ifungue kilichofungwa. Hapo hutahitaji bahati wala mtoa siri.

Sasa uchunguzi wenyewe. Mwisho wa Januari 1911 magazeti ya New York yalichapa orodha ya watu waliodhuriwa na jiwe. Baada ya Simon Frankel, sonara wa New York, kuliuza, orodha inadai lilimpitia Jacques Colet aliyejiua, likaenda kwa mwanamfalme wa Kirusi aitwaye Kanitovski aliyeuawa na wanamapinduzi, mcheza jukwaani Ladue aliyepigwa risasi na mpenzi wake, Mgiriki Simon Mencharides aliyeporomoka jabali na mkewe na mtoto, halafu Sultani Abdul Hamid wa Uturuki.

Mpe mhusika karatasi moja na penseli. Kushoto aandike majina, kulia tarehe. Frankel aliiuza 1908. Mnunuzi alikuwa Selim Habib, mfanyabiashara wa vito kutoka dola ya Uturuki. Tarehe 24 Juni 1909 Habib anaipiga mnada Paris ili alipe madeni. Mmiliki mmoja, mauzo mawili, na katikati muda ni mfupi. Wale wote waliojiua, waliouawa na walioporomoka wanaingia wapi? Hawaingii. Hakuna kumbukumbu hata moja inayoonyesha kwamba huyo Kanitovski au Ladue aliwahi kuishi.

Na uthibitisho wa pili uko kwenye katalogi ya mnada wa Paris. Ilieleza wazi kwamba Hope ni miongoni mwa vito viwili tu katika mkusanyiko ule ambavyo havikuwahi kuwa vya Sultani. Mhusika aandike barua Paris kuiomba. Barua inavuka Atlantiki kwa meli, inachukua zaidi ya wiki kwenda na zaidi ya wiki kurudi, kwa hiyo jibu linamkuta akiwa ameshapoteza matumaini. Msafirishie katalogi hiyo ifike siku ileile ya kesi ukitaka, ila usiifanye telegramu: kwa waya wa chini ya bahari unalipia kila neno, na hakuna mhariri atakayelipia kurasa za katalogi.

Makosa mengine matatu ambayo rasimu nyingi za kisa hiki huwa nayo:

Tavernier, mfanyabiashara wa Kifaransa aliyelileta jiwe kutoka India na kumuuzia Louis XIV mwaka 1668, hakuraruliwa na mbwa. Alifariki Moscow 1689, akiwa amevuka miaka 80.

Marie Antoinette hakulivaa shingoni. Tangu 1749 jiwe lilikuwa limepachikwa kwenye nishani ya mfalme ya Shirika la Manyoya ya Dhahabu (shirika la heshima la wafalme na watukufu), ambayo ni ya mfalme peke yake. Ukimvisha malkia, msomaji mmoja tu anayejua atakiweka kitabu chini.

Habib hakuzama baharini. Meli ya La Seyne ilizama karibu na Singapore Novemba 1909, magazeti yakatangaza kuwa mwenye almasi amekufa. Aliyekufa ni Habib mwingine. Hili mpe mhusika alivumbue kwa orodha ya abiria, inapendeza.

---

Sonara_wa_Baraza

Mzee kamaliza karatasi, mimi nije kwenye jiwe lenyewe.

Kuhusu sura ya 4, waliosoma rasimu wako sahihi. Almasi ya Hope ikipigwa na miale ya urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho) ya mawimbi mafupi kisha taa ikazimwa, inabaki inawaka nyekundu kama kaa la moto kwa sekunde kadhaa. Ni kweli, na inahusiana na boroni, ileile inayoipa ubuluu. Lakini mwandishi wa 1911 hana taa ya namna hiyo, na hakuna sonara wa Washington ambaye angekuwa nayo dukani. Liache. Isitoshe, familia ya McLean isingemwachia ripota jiwe la dola 180,000 atoke nalo nje ya mlango.

Anachoweza kupata ni dakika chache kwenye kidani, mwenye jiwe akiwa amelivaa au liko kwenye kasha. Hapo andika vitu vya macho na mikono.

Ukubwa: milimita 25.6 kwa 21.8, unene 12. Upana wake unakaribia kidole gumba cha mwanamume. Watu hutarajia yai la kuku, wakiliona wananyamaza kidogo. Hicho kimya kitumie.

Rangi: si buluu ya yakuti. Ni buluu yenye ujivu, ya chuma, kama bahari ya kina wingu linapotanda. Usiku chini ya taa za balbu za wakati ule, zenye mwanga wa manjano, linazidi kuwa la kijivu na linaonekana zito. Masonara hupima rangi mchana, karibu na dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu upande ule mwanga haubadiliki sana. Kama mhusika wako kaliona mara ya kwanza kwenye dhifa usiku na mara ya pili dirishani mchana, ataapa ni mawe mawili tofauti.

Kuzunguka: Cartier alikuwa ameshamwonyesha Evalyn jiwe huko Paris mwaka 1910, na fremu haikumpendeza. Akalipeleka Marekani, akalizungushia almasi nyeupe, akamwachia kwa siku za mwisho wa wiki alizoee. Wenye kazi hii tunajua kwa nini: nyeupe zikikaa pembeni, buluu inakoza machoni bila jiwe lenyewe kuguswa. Hilo ni pambo la kiufundi na pia ni mbinu ya kuuza; mhusika makini angeliona.

Picha: hapa kuna kitu kizuri. Bamba za kioo za kamera za zama zile zilikuwa kali sana kwa rangi ya buluu, kwa hiyo kitu cha buluu hutoka cheupe kuliko macho yanavyokiona. Picha yake ya gazetini itaonyesha jiwe hafifu, kama almasi yoyote. Mhariri ataitazama na kuuliza, "Hii ndiyo buluu?" Na hana la kumwonyesha.

Uzito ndio utakaokusumbua, na ndio utakaokulipa. Karati ni kipimo cha uzito wa vito, na leo vitabu vinasema karati 45.52. Usiandike namba hiyo mwaka 1911! Ilipatikana 1975 jiwe lilipotolewa kwenye fremu na kuwekwa kwenye mizani. Tena desimali hazikuwapo mezani kwa sonara wa wakati huo. Karati iligawanywa kwa sehemu: nusu, robo, thumuni, hadi moja ya sitini na nne. Na karati yenyewe ilikuwa nyingine. Ya sasa ni miligramu 200 kamili, Marekani ilianza kuitumia tarehe 1 Julai 1913. Ya zamani ilikuwa karibu miligramu 205, na kila mji wa biashara ya vito ulikuwa na tofauti yake ndogo. Ndiyo maana utaona waraka wa London wa 1812 kuhusu jiwe hili unasema chembe 177, na chembe nne za almasi ni karati moja, kwa hiyo karati 44 na robo. Magazeti mengine yalisema 44 na nusu.

Mwandishi mgeni wa mambo haya akikutana na namba mbili tofauti atashtuka: jiwe limebadilishwa! Mpe kosa hilo. Aandike ukurasa mzima wa tuhuma, kisha mpima vito amwekee vipande vya shaba vya mizani mbele yake na kumweleza kuwa karati si kipimo kimoja dunia nzima. Kosa la namna hiyo linamjenga mhusika, kwani limetokana na bidii.

Kujua bandia kwa haraka: apulize pumzi juu ya jiwe. Almasi inatorosha joto upesi, ukungu unaondoka papo hapo. Kioo kinabaki na ukungu sekunde kadhaa. Ni jaribio la kienyeji, halitoshi kutoa hukumu, ila linafanyika sebuleni bila kifaa na bila kuomba ruhusa sana.

Jambo moja la mwisho: asiligonge kwa chochote "kupima ugumu". Almasi inakwaruza kila kitu lakini ina njia za kupasukia, pigo moja la pembeni linaweza kuichana. Fundi akimwona ananyanyua kitu kizito karibu na jiwe, ataruka.

---

Dawati_la_Usiku

Nachangia upande wa chumba cha habari, maana hapo ndipo riwaya nyingi za waandishi wa kike huanguka. Mwanamke anaingia, anapiga meza, mhariri anasalimu amri. Haikuwa hivyo.

Mwanzoni mwa 1911 mwanamke gazetini kwa kawaida yuko ukurasa wa wanawake na jamii: arusi, dhifa, mitindo. Klabu ya waandishi ya taifa iliyoanzishwa Washington mwaka 1908 haikumpokea mwanachama mwanamke hadi 1971, kwa hiyo meza ambako wanaume walibadilishana taarifa haikuwa yake. Tangu kesi ya 1907 ya Harry Thaw, tajiri aliyeshtakiwa kwa mauaji, waandishi wa kike waliokaa mahakamani waliitwa kwa dhihaka kina dada wa kulialia, kana kwamba kazi yao ilikuwa kumwaga machozi karatasini. Mhariri wako anamtuma kwenye almasi kwa sababu hiyohiyo: kuna mwanamke tajiri, kuna kidani, kuna kifo, basi mtume mwanamke.

Lakini ukurasa wa jamii unampa kitu ambacho wanaume hawana. Anaingia majumbani. Anawajua washonaji, wapishi, wasichana wa kazi, na anajua nani kaalikwa wapi. Mlango wa mbele wa McLean ukifungwa, wa jikoni anaujua. Na mfano anao mbele yake: mwandishi wa kike Ida Tarbell alikuwa ameshaichambua kampuni ya mafuta ya Standard Oil jaridani, kwa mfululizo wa 1902 hadi 1904, akitumia majalada ya mahakama na ripoti za serikali. Mhusika wako angeisoma kazi hiyo kama mwanafunzi anavyosoma kitabu cha kiada.

Sasa malipo, na hapa ndugu Kalamu tafadhali tulia. Waandishi wengi wasio na mshahara walilipwa kwa urefu wa habari iliyochapwa. Habari zikitoka, unazikata gazetini, unabandika kipande chini ya kipande kwa gundi, zinakuwa utepe mrefu. Mwisho wa wiki unaupeleka kwa mhasibu, anaulaza mezani, anaupima kwa rula, inchi kwa inchi, na kila inchi ni senti kadhaa. Kilichofutwa na mhariri hakilipwi.

Unaona kinachotokea? Orodha ya watu kumi waliokufa ni safu mbili nzima. Sentensi isemayo "Frankel anasema alimuuzia Habib moja kwa moja" ni mistari mitatu. Uongo unalipa kodi ya chumba, ukweli hautoshi hata nauli ya tramu. Hakuna mtu mmoja aliyekaa gizani akabuni kisa chote. Kila mwandishi alirefusha utepe wake kidogo. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu la swali la mhusika wako, na lina uchungu zaidi kwa kuwa yeye mwenyewe anaishi kwa utepe huohuo. Makala yake ya kwanza, Januari, mfanye awe amenakili orodha ile bila kuihakiki. Baadaye atakuwa anajifuta mwenyewe.

Mpangilio wa kazi ungekuwa hivi. Siku ya kwanza anaingia kabati la vipande vya zamani vya gazeti, bahasha iliyoandikwa jina la almasi, anavitoa na kuvipanga kwa tarehe. Mara ataona kila makala inarudia ya nyuma yake na kuongeza jina moja. Siku ya pili maktaba. Maktaba ya Bunge ina jengo kubwa lililofunguliwa 1897 na chumba cha kusomea kilicho wazi kwa umma, wanawake wakiwemo. Kisha treni kwenda New York kumwona Frankel. Saa tano hivi, kutoka stesheni ya Union iliyofunguliwa 1907 hadi stesheni mpya ya Pennsylvania iliyofunguliwa Novemba 1910, kwa hiyo kila kitu kule bado kinanukia rangi. Swali lake kwa Frankel ni moja, na aliulize kabla ya salamu hazijapoa: "Ulimuuzia nani, na lini?" Akianza kuuliza habari za mkosi, atapewa hadithi. Kampuni yake ilipitia hali ngumu wakati wa mtikisiko wa fedha wa 1907, na magazeti yakalibandika jiwe lawama. Hatapenda kurudi huko.

Tahadhari ya mahali: duka la Cartier New York mwaka 1911 lilikuwa namba 712 Fifth Avenue. Lile jumba maarufu la namba 653 walilipata 1917. Waandishi wengi humpeleka mhusika kwenye jumba ambalo bado halijawa lao.

Vifaa: penseli, daftari jembamba linaloingia mfukoni, hatimkato (mwandiko wa kufupisha maneno) ya mfumo wa Gregg au Pitman. Mahojiano yaandikwe kwa hatimkato kisha yapigwe taipu usiku uleule, kwa sababu hatimkato ikilala siku tatu hata mwenyewe anaanza kubahatisha maneno. Hapo pana kosa lingine unaloweza kulitumia: neno moja la Frankel lililosomwa vibaya.

---

Kalamu_ya_Mwanzi

Nimeshaufuta ule mwanga mwekundu, na mzee wa siri kaenda naye. Utepe wa kupimwa kwa rula nauweka sura ya kwanza.

Mzee wa Nyaraka, swali moja. Nimesoma kwamba almasi ya Hope imekatwa kutoka almasi ya buluu ya wafalme wa Ufaransa iliyoibwa 1792, na kwamba kuna mfano wake wa risasi, yaani yale madini, Paris. Mhusika anaweza kuukuta?

---

Mzee_wa_Nyaraka

Hapana. Mfano ule ulikuwapo, lakini ulitambuliwa 2007 tu, katika hifadhi ya makumbusho ya elimu viumbe ya Paris, na François Farges. Uchambuzi wa kompyuta ulioonyesha jinsi jiwe la Hope linavyokaa ndani ya umbo la lile la Kifaransa ni wa 2005. Ukimpa mhusika wa 1911 vitu hivyo, umemfanya nabii.

Anachoruhusiwa ni dhana. Tangu katikati ya karne ya 19 waandishi wa vito waliandika kuwa huenda ni jiwe lilelile. Hilo atalikuta maktaba. Kisha afanye hesabu ya karati za zamani: jiwe la Tavernier 112 na kidogo, likachongwa upya 1673 likabaki 67 na thumuni, na la Hope ni 44 na robo. Kila hatua ni ndogo kuliko iliyotangulia, hakuna kinachopinga. Na tarehe: wizi wa hazina ya wafalme ulianza usiku wa 11 Septemba 1792 na ukaendelea kwa siku kadhaa, wezi wakipandia madirishani. Ule waraka wa London, wa sonara John Francillon, unaoeleza jiwe la buluu lililokuwa kwa mfanyabiashara Daniel Eliason, ni wa Septemba 1812. Miaka 20 na siku chache. Sheria ya Ufaransa ilikuwa imeweka miaka 20 kuwa ukomo wa kushtaki makosa ya wakati ule. Wanahistoria wengi wanaona hapo kuna mtu aliyekuwa akihesabu siku.

Ukitaka kuitumia hiyo, ifanye tuhuma anayoibeba hadi mwisho bila kuithibitisha. Usimfungie. Ukihitaji msomaji ajue, ongeza sura fupi ya mbeleni.

Na tafadhali, kifo cha mtoto Vinson usikidokeze. Aligongwa na gari 1919, akiwa na miaka 9. Hakuna mtu wa 1911 aliyejua, na mtoto wa watu asiwe kithibitisho cha mkosi ambao kitabu kizima kinauhoji.

---

Bi_Msamiati

Mwanangu Kalamu, nijibu hilo swali la tatu ambalo wenzangu wameliruka, kwa kuwa lina uzito kuliko linavyoonekana.

Nuksi na mkosi hukaa na kitu. Nyumba ina nuksi, siku ina mkosi, mgeni ana kisirani. Hakuna anayeulizwa nani kaileta. Laana lazima iwe na mtoaji. Mzazi hulaani, aliyedhulumiwa hulaani. Ukisema laana, msomaji wa Kiswahili anauliza mara moja: ya nani, na kwa kosa gani?

Sasa tazama magazeti yenyewe. Makala ya 1908 inasema jiwe limeleta taabu kwa wenyewe. Hiyo ni nuksi tupu. Kile kisa cha Tavernier kuling'oa jiwe kwenye sanamu ya Kihindu kilipandikizwa juu yake, kwa sababu nuksi bila mwenyewe ni hadithi fupi, wakamtafutia aliyedhulumiwa. Ndipo ikawa laana. Lakini Tavernier alikuwa mfanyabiashara, na jiwe linaaminika kutoka machimbo ya Kollur katika nchi ya Golconda, huko India.

Kwa hiyo usichague neno moja. Mwanzoni watu wote waseme nuksi. Mhusika anapopanga vipande vya gazeti kwa tarehe, aone neno linavyobadilika, na wewe ubadilishe Kiswahili chako palepale: ukurasa huu nuksi, unaofuata laana. Msomaji atahisi kabla hajaelezwa.

Maneno ya fani: jiwe lililokwisha kuchongwa ni kito, mfanyakazi wake ni sonara, cha shingoni ni kidani, jiwe "hupachikwa" kwenye fremu, "halifungwi". Zumaridi ni la kijani na yakuti lina rangi zake, usimwandikie yakuti ya buluu mtu ambaye hajajua tofauti yake na almasi, ila kama unataka akosee.

Na Evalyn asiitwe "Bibi" na ripota wa umri wake halafu "Evalyn" ukurasa unaofuata. Mwandishi wa jamii angemwita Bi McLean mbele yake, na kwenye daftari lake angeandika herufi tu.

---

Dawati_la_Usiku

Namuunga mkono Bi Msamiati, na nimalizie la uchapishaji, kwani Kalamu hajalisema na litamkwamisha sura za mwisho.

Makala ya kusahihisha haiwezi kutoka kwenye gazeti la McLean. Mhariri hatamkatalia kwa ukali. Ataiweka chini ya rundo. Njia alizonazo ni mbili. Gazeti shindani la New York, ambalo litaikata hadi mistari kumi na mbili na kuirudisha picha ya jiwe juu yake kwa ukubwa. Au jarida la kila mwezi, linalolipa vizuri zaidi na kumpa nafasi, ila linafunga kurasa zake wiki nyingi kabla ya kutoka, kwa hiyo habari ya kesi ya Machi itasomwa majira ya joto, wakati ile miezi 6 ya kipengele imebaki siku chache au imeshapita.

Mimi ningechukua jarida. Mkataba ni wa 28 Januari, miezi 6 inaisha 28 Julai 1911. Mpe mhusika nakala ya chapa ya majaribio mezani, penseli ya buluu mkononi, na kalenda ukutani.